Kabla Hujashika Bomba: Vidokezo vya Kumchunguza na Kumpunguza Nzi wa Maembe Ukambani

Nzi mgeni aliyenaswa Pwani ya Kenya mwaka 2003 hakutulia Pwani. Asili yake ni Asia, na wakati wataalamu wangali wanahangaika kumpa jina, tayari alikuwa ameenea karibu kila penye mwembe, Kitui na Makueni zikiwemo. Mwaka 2005 aliandikwa kuwa spishi mpya, Bactrocera invadens. Miaka kumi baadaye wakakubaliana kwamba hakuwa mpya hata kidogo: ni Bactrocera dorsalis yuleyule ambaye Asia na visiwa vya Hawaii vimepambana naye tangu zamani. Hilo lina maana kwa mkulima pia, kwani mbinu iliyofaulu Hawaii sasa ilistahili kujaribiwa Kathonzweni.

Watafiti wamekadiria kwamba nzi hawa huharibu kati ya asilimia 30 na 80 ya maembe pale ambapo hakuna hatua iliyochukuliwa. Broka anayefika Wote au Mwingi akapasua embe moja na kukuta funza hana haja ya kupasua la pili. Atashusha bei, au atawasha gari.

Vidokezo hivi ni vya mwenye miembe kumi nyuma ya nyumba, na vilevile vya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza anayetafuta mada ya utafiti. Wote wawili wana kazi moja, nayo ni kujua kabla ya kupiga dawa. Wengi tunaanzia mwisho: tunanunua dawa, kisha tunauliza mdudu ni yupi.

1. Fuga mdudu kwenye ndoo

Embe limeoza, nani kaliozesha? Usikisie. Chukua ndoo, mwaga mchanga mkavu wa kina cha vidole vitatu, panga juu yake vijiti au waya ili tunda lisiguse mchanga, weka embe lililoharibika, kisha funika kwa kitambaa chepesi na ukikaze kwa mpira. Andika tarehe, mwembe uliotoka, na kama tunda liliokotwa chini au lilichumwa. Weka ndoo kivulini na usubiri.

Mabuu yakishiba hutoka ndani ya tunda na kujichimbia mchangani, yanageuka kuwa vijipupa vya rangi ya kahawia mfano wa punje za mchele, na wiki mbili au tatu tangu uanze utaona nzi wakitembea juu ya kitambaa. Mwenye mgongo mweusi ulio na michirizi ya njano pembeni, na alama ya herufi T tumboni, ndiye yule mgeni. Mwenye mabawa yaliyochorwachorwa na mwili wa njano huenda akawa Ceratitis cosyra, nzi wa maembe wa asili ya Afrika aliyekuwapo kabla mgeni hajamsukuma kando. Kama tunda lilikuwa zima kwa nje ila kokwa limetobolewa, huyo si nzi kabisa; ni fukusi wa kokwa, na chambo chochote cha nzi hakimhusu. Na ikitokea vijinyigu vyembamba vimeruka kutoka kwenye ndoo, vipe heshima. Tutavirudia.

Jaribio hili halizidi bei ya ndoo, na ndilo hilohilo wanalolifanya wataalamu wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, pale Kasarani, Nairobi, isipokuwa wao wana makopo mengi na maandishi nadhifu.

2. Kila nzi ana harufu yake

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Harufu inayomvuta dume wa nzi mgeni inaitwa methili eujenoli. Tundika mtego wenye harufu hiyo katika shamba la maembe na kabla ya jioni utakuwa na wateja. Lakini mkulima wa tikiti, tango au karela kule Kibwezi akitundika mtego huohuo hatamwona adui yake. Nzi anayetaga katika matikiti, Zeugodacus cucurbitae, hajali methili eujenoli. Yeye huvutwa na harufu nyingine, kiulua. Mkulima anatazama mtego mtupu, anashangilia kwamba shamba ni salama, na siku ya kuvuna anakata tikiti lililooza katikati. Ceratitis cosyra naye ana chake, terpinili aseteti.

Kwa hiyo unapoingia kwenye agroveti, usiombe tu "mtego wa nzi." Sema zao lako, sema ulichokiona kwenye ndoo, na usome jina la chambo kabla ya kulipa.

Jambo la pili kuhusu harufu hizi: zinavuta madume. Majike, ambao ndio watagaji, wanaendelea na shughuli zao huku wewe ukijivunia kopo lililojaa.

3. Hesabu

Tundika mitego michache ya kuhesabia mapema, maembe yakiwa bado madogo kama gololi. Urefu wa mita moja na nusu hadi mbili kutoka chini unatosha, kwenye tawi lenye kivuli lakini lisilozibwa na majani. Paka grisi kwenye waya wa kutundikia. Usipopaka, siafu na sisimizi watakula nzi waliokufa nawe utadhani hawakuwapo.

Kila wiki, siku ileile, mimina nzi kwenye karatasi na uwahesabu. Wataalamu hulinganisha kwa kipimo kimoja chepesi: nzi kwa mtego kwa siku. Ukiwa na mitego mitano, siku saba, na nzi 210, unagawa 210 kwa 35 na kupata nzi 6 kwa mtego kwa siku. Namba hiyo unaweza kuilinganisha na ya wiki iliyopita, ya mwaka jana, au ya mtu wa Mutomo ambaye hujawahi kukutana naye. "Nzi ni wengi mwaka huu" haiwezi kulinganishwa na chochote.

Kando ya namba, andika mvua. Ukambani mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, ndizo za kutegemewa, na mavuno makuu ya maembe huangukia Desemba hadi Machi. Unyevu na matunda yanayoiva vinakutana, na nzi wanaongezeka. Andika pia mwinuko wa shamba. Nzi huyu anapenda joto, kwa hiyo kalenda ya Kibwezi bondeni usiihamishie vilima vya Kilungu au Mbooni bila kuipima upya.

4. Okota matunda yaliyoanguka, na uyaokote kweli

Kama una nguvu za kufanya jambo moja tu katika orodha hii, fanya hili. Halina mvuto, halina lebo, hakuna kampuni itakayokuletea kofia kwa ajili yake. Ndiyo maana linapuuzwa.

Jike hutoboa ganda la embe na kutaga mayai chini yake. Siku moja au mbili baadaye mayai yanaanguliwa. Buu hula ndani ya tunda kwa wiki moja hadi mbili kulingana na joto, tunda linalegea na kuanguka, buu linatoka na kuzama ardhini sentimita chache tu, na hapo chini linageuka pupa. Kiasi cha siku kumi baadaye nzi mpya anaibuka chini ya mwembe uleule. Jike mmoja aliyelishwa vizuri anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake. Sasa tazama embe moja lililolala kwenye nyasi kwa wiki mbili na ujiulize limeshatoa nzi wangapi.

Kuokota mara moja kwa mwezi ni kufagia uwanja tu, maana mabuu yamekwisha kuingia ardhini. Okota mara mbili kwa wiki ili uyakute bado ndani ya tunda. Ongeza na yale yaliyoko mtini yenye kitundu kinachotoa utomvu.

Ukishayaokota, usiyatupe kwenye lundo la mboji lisilofunikwa wala kwenye korongo. Huko utakuwa umeyahamisha tu. Chimba shimo na uyafukie chini ya angalau nusu mita ya udongo ulioshindiliwa. Au yatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki usiotoboka, ufunge mdomo, uuache juani siku kadhaa hadi joto liyamalize. Jua la Kitui kwa kazi hiyo halihitaji kusifiwa.

Njia ya tatu ni ya werevu zaidi. Ni hema dogo lililobuniwa Hawaii na kuletwa mashambani kwetu na icipe. Unatupa matunda yaliyooza ndani, unafunga. Juu ya hema kuna wavu wenye matundu yaliyopimwa: nzi ni mnene mno kupita, nyigu wanaomuua ni wembamba na wanapita. Adui anafia ndani, rafiki anarudi shambani. Kikundi kinaweza kushona hema moja likahudumia mashamba kadhaa ya jirani.

Kuku na kanga wakiachiwa chini ya miembe watakupunguzia pupa kwa kuparura. Ni msaada mzuri, ila usiwaachie wao kazi yote. Kuku hushiba.

5. Lisha jike, umuue kwa doa moja

Jike anapotoka kwenye pupa mayai yake hayajakomaa. Anahitaji protini kwanza, na anaitafuta kwa siku kadhaa juu ya majani kabla hajaanza kutaga. Huo ndio wakati wake wa udhaifu. Chambo cha chakula, ambacho chaweza kutengenezwa hata kwa hamira inayobaki kwenye viwanda vya bia, huchanganywa na kiasi kidogo sana cha dawa na kunyunyizwa kwenye sehemu ya mita moja ya mraba tu ya majani ya kila mwembe, kiasi cha mililita 50. Basi. Usioshe mti mzima. Jike atakuja mwenyewe.

Wakulima wengi hawaamini. Wanaona doa moja la unyevu kwenye mti mkubwa hivi, wanadhani wametapeliwa, wanajaza bomba na kumwagilia mwembe kutoka shinani hadi kileleni. Wanatumia dawa mara nyingi zaidi, wanaua nyigu na buibui, na matunda yanabaki na sumu. Anza kunyunyiza doa maembe yakiwa madogo, rudia kila wiki hadi mwisho wa mavuno, na mvua ikinyesha usingoje wiki iishe.

6. Waache nyigu wafanye kazi

Mwaka 2006 icipe ilileta kutoka Hawaii nyigu mdogo sana, Fopius arisanus, ambaye huko amekuwa akimdhibiti nzi huyu tangu miaka ya mwishoni mwa 1940. Nyigu huyu hatushughulikii sisi. Hana haja ya kuuma mtu. Anatafuta mayai ya nzi chini ya ganda la tunda na kutaga lake humo humo. Buu la nzi linakua kama kawaida, linageuka pupa, lakini anayetoka kwenye pupa si nzi. Pamoja naye aliletwa Diachasmimorpha longicaudata, ambaye hushambulia mabuu.

Kwa mtafiti swali zuri la Kitui ni hili: nyigu hawa wamefika wapi, na wanaishije miezi ya kiangazi embe likiwa hakuna? Ndoo za kidokezo cha kwanza zinaweza kujibu, kijiji kwa kijiji, bila maabara ya kifahari. Hesabu nzi waliotoka, hesabu nyigu waliotoka, andika.

7. Dawa iliyo hai

Kuna kuvu wa ardhini, Metarhizium anisopliae, anayemwambukiza mdudu na kumuua. Aina moja iliyochaguliwa na icipe, namba yake ICIPE 69, hutengenezwa na kuuzwa Kenya. Hutumika ardhini chini ya mwembe, ambako pupa hujificha, au ndani ya kifaa ambamo nzi anaingia, anajipaka, kisha anatoka na kuwaambukiza wenzake. Kumbuka ni kiumbe hai: chupa iliyokaa kwenye rafu ya duka la mabati mwezi mzima wa Februari inaweza kuwa maiti. Uliza tarehe na uliza ilihifadhiwa wapi.

8. Maua yakichanua, bomba likae stoo

Mwembe huchavushwa na nyuki na nzi wa aina nyingi, na wengi wa nzi hao hawana kosa lolote. Kitui, hasa Mwingi, ni nchi ya asali. Mzinga wa jirani uko karibu kuliko unavyodhani. Kama ni lazima kupulizia wakati wa maua kwa sababu ya ugonjwa, fanya jioni nyuki wakiwa wamerudi, na umwarifu mwenye mizinga asubuhi ya siku hiyo, si baada ya wiki.

9. Gawa shamba, lakini ligawe kwa akili

Umesikia mbinu mpya redioni. Usiitumie shamba zima. Iache miembe kadhaa bila mbinu hiyo, ihudumie yote sawasawa katika mambo mengine, kisha linganisha. Miembe ya kujaribia isichaguliwe kwa kupenda: ukiipa mbinu mpya miti yenye afya na kuinyima ile dhaifu, umeshaandika jibu kabla ya mtihani. Rusha sarafu. Na usibadilishe mambo mawili kwa mpigo. Ukiweka mitego mipya na kuokota matunda kwa bidii mwaka huohuo, hutajua nani alikuokoa.

Ila hapa kuna mtego mwingine unaowanasa hata wanafunzi wa uzamili. Nzi anaruka. Ukiweka chambo kwenye mistari mitano ya miembe na kuiacha mitano jirani bila chambo, nzi wa upande wa pili watavuka kuja kula chambo, na pande zote mbili zitaonekana zimepona. Utasema chambo hakina kazi, kumbe kimefanya kazi mbili. Mbinu zinazomvuta au kumuua nzi mzima zilinganishwe shamba kwa shamba, afadhali kijiji kwa kijiji, na zitengane vya kutosha.

Mbinu zinazolinda tunda lenyewe hazina shida hiyo. Kuvika embe mfuko wa karatasi, kwa mfano, waweza kupima kwenye mwembe mmoja: vika maembe 50, yafungie uzi mwekundu mengine 50 yaliyo wazi kwenye matawi yanayofanana, vuna siku moja, pasua yote. Kuvika kunachosha na hakufai shamba la miti mia tatu, lakini kwa mwenye miembe sita ya aina ya Apple au Kent ambayo maembe yake anataka kuyauza kwa bei ya juu, hesabu inaweza kukubali.

Siku ya kuvuna usihesabu matunda yenye funza tu. Andika kilo alizochukua broka, kilo alizokataa na sababu aliyotoa, shilingi za dawa, na siku za vibarua. Mbinu iliyopunguza funza ikakugharimu kuliko embe lenyewe haifai kupigiwa debe.

10. Ua ni lako, nzi ni wa kijiji kizima

Unaweza kufuata kila kilichoandikwa hapa na bado ukavuna funza, kwa sababu shamba la pili mwenyewe yuko Mombasa na maembe yake yanaoza chini. Ongeza mipera iliyojiotea kando ya njia, na miti ya mng'ongo, ile Wakamba wanayoiita muua, ambayo matunda yake huwalea nzi wa matunda. Tafadhali usikate muua; chunguza tu ni lini unaangusha matunda, ndipo ujue nzi wanatoka wapi kabla ya maembe kuiva.

Usimwendee jirani kwa lawama. Mwendee na ndoo.

"Mwaitu, tazama kilichotoka kwenye embe moja lililoanguka pale mpakani."

"Hawa wote ni wa embe moja?"

"Moja tu."

Mazungumzo hayo yanafika mbali kuliko semina. Ukambani haina haja ya kufundishwa kazi ya pamoja. Mwethya, ule ushirika wa kazi wa Wakamba, ulichimba matuta yanayoshikilia udongo wa vilima hivi na kujenga mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu. Siku moja ya mwethya wa kuokota maembe, kila Jumamosi ya msimu, ni kazi ndogo kuliko kuchimba tuta.

Mfano wa mbali unaonyesha ukubwa wa jambo hili. Japani ilimfuta kabisa nzi huyu katika visiwa vya Okinawa kufikia mwaka 1986, na ilifaulu kwa kushughulikia visiwa vizima kwa pamoja. Kitui si kisiwa, na kumfuta hapa si lengo la kweli kwa sasa. Kumpunguza kijiji kizima kwa wakati mmoja kunawezekana. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe upelekaji wa maembe Ulaya kwa sababu ya nzi huyu, na soko hilo likafunguliwa tena mwaka 2021 baada ya juhudi za kuanzisha maeneo yenye nzi wachache, Makueni ikiwa mbele katika juhudi hizo. Mkaguzi haangalii shamba lako peke yake; anauliza hali ya eneo.

11. Vuna embe likiwa limekomaa, usingoje liive

Nzi huyu hupenda zaidi matunda yanayoelekea kuiva. Kila siku embe linapobaki mtini likinukia ni mwaliko. Panga na broka mapema, au kama uko karibu na kiwanda cha matunda cha kaunti pale Kalamba, ulizia wanaanza kupokea lini, usije ukavuna huku lango limefungwa.

12. Mwarobaini una mipaka

Mwarobaini unastawi vizuri kwetu, na mbegu zake zina azadirakitini, inayovuruga ulaji na ukuaji wa wadudu wengi. Kwa vidukari na viwavi vya sukuma wiki ni silaha nzuri. Jua huiharibu upesi, kwa hiyo nyunyiza jioni. Lakini funza aliye ndani ya embe hafikiwi na maji ya mwarobaini yaliyo juu ya ganda, na mchanganyiko wa pilipili, jivu na sabuni unaosambazwa kwenye simu haumfikii pia. Ukitaka kuujaribu, rudi kidokezo cha tisa.

13. Na kwenye nyanya?

Kipekecha nyanya, Tuta absoluta, kutoka Amerika Kusini, aliingia Kenya mwaka 2014. Hujichimbia ndani ya jani na tunda, dawa haimfikii, na huzoea sumu upesi, ndiyo maana wakulima wa kando ya mito wanabadilisha dawa kila msimu bila nafuu. Somo ni lilelile: mtego wa harufu wa kuhesabia, kung'oa na kuzika masalia mara tu mavuno yanapokwisha, na kupumzisha shamba lisiwe na nyanya mwaka mzima. Huku nako icipe imeleta nyigu, safari hii kutoka Peru: Dolichogenidea gelechiidivoris.

14. Uliza kuhusu pesa, na uliza ni wapi

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu Embu ulikuta kwamba wakulima waliounganisha mbinu hizi dhidi ya nzi wa maembe walikuwa na maembe yaliyokataliwa pungufu kwa asilimia 54.5, walitumia asilimia 46.3 pungufu kwa dawa kwa ekari, na walipata asilimia 22.4 zaidi ya mapato kuliko wenzao. Ni namba nzuri. Lakini Embu ina mvua na masoko yake. Anayetaka kuzihubiri Ikutha au Kathonzweni azipime huko kwanza, kwa daftari la wakulima wenyewe, na awarudishie matokeo kwenye baraza kabla hayajafungiwa ndani ya tasnifu. Wakulima wa Ukambani wamejaza hojaji nyingi za wageni ambao hawakuwaona tena.

15. Soma lebo, hata kama ni ndogo

Dawa halali ina namba ya usajili ya PCPB, bodi inayodhibiti dawa za kuua wadudu nchini, na inataja zao, mdudu, kipimo, na siku za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda haina lolote kati ya hayo. Iache dukani.

16. Ukimwona usiyemjua, usimponde

Kidung'ata wa mpapai, yule anayeacha unga mweupe kwenye majani na matunda, alitambuliwa Kenya mwaka 2016. Wadudu wa namna hii hupata miezi ya bure kuenea kabla mtu hajawapeleka kunakohusika. Basi weka kichupa kidogo chenye spiriti karibu na jembe. Mtumbukize mdudu mzima, si vipande vyake, pamoja na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka: tarehe, kijiji, zao, sehemu ya mmea. Piga picha ya uharibifu kwa simu, jani moja kwa karibu, na mmea wote kwa mbali. Mpelekee afisa wa kilimo wa wadi au ofisi ya KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, udai jina la mdudu, na uandike jina hilo kwenye daftari lilelile la kuhesabia nzi.